Namna ya Kuandika Maoni ya Mtazamaji Kuhusu Tamthilia ya Barua Zilizopotea

Ukimwuliza mtu aliyemaliza kutazama Signed, Sealed, Delivered, tamthilia ya Marekani kuhusu watumishi wa posta wanaowatafuta wenye barua zilizopotea, ameionaje, mara nyingi atakujibu kwamba ni nzuri sana, kwamba imemgusa, na kwamba alilia. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii jirani anayetaka kujua kama atumie data yake ya wiki nzima kwa tamthilia hiyo, au kama anaweza kuitazama sebuleni pamoja na wazazi na watoto wake bila mtu kulazimika kutoka nje kwa aibu. Mimi hufundisha Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaomba wanafunzi, ndugu na majirani waniandikie maoni yao kuhusu yale wanayoyatazama. Katika kazi hiyo nimeona kwamba tamthilia za upole ndizo ngumu kuliko zote kuziandikia, kwa sababu hazina risasi wala muuaji wa kutafutwa ambaye mwandishi angemshikilia kama mhimili wa maelezo yake. Anayeiandikia tamthilia ya namna hiyo hana budi kuonyesha mahali hasa moyo wake uliposhikwa, na aeleze kwa nini ulishikwa hapo na si pengine.

Ifahamu kwanza kazi unayoitolea maoni

Anza kwa kuhakikisha kwamba unajua ulichokitazama, kwa maana kazi hii ina historia inayowachanganya wengi. Iliundwa na Martha Williamson, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtayarishaji mkuu wa tamthilia ya Touched by an Angel, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Hallmark Channel ya Marekani mwezi Oktoba 2013 ikiwa filamu moja. Baada ya hapo zilifuata sehemu 10 za tamthilia kati ya Aprili na Juni 2014, na tangu Novemba mwaka huohuo hadithi ikaendelea kwa njia ya filamu ndefu, moja baada ya nyingine, hadi wapenzi wake walipolazimika kusubiri kutoka 2018 hadi 2021 ili kujua lililowapata wahusika wao. Mtu aliyeanzia katikati ya filamu hizo atashangaa kwa nini wahusika wanatazamana kama watu wenye deni la zamani, naye anaweza kuandika kwamba hadithi haieleweki, ilhali yeye ndiye aliyeingia kwenye nyumba kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya maoni yako imwambie msomaji ulianzia wapi na umefika wapi.

Wahusika wakuu ni wanne, nao wanafanya kazi katika ofisi ya barua zisizofika mjini Denver, Colorado. Oliver O'Toole, anayeigizwa na Eric Mabius, ni kiongozi wao, mtu wa adabu za kale anayeiona barua kuwa amana. Shane McInerney, anayeigizwa na Kristin Booth, analetwa katika ofisi hiyo na ujuzi wake wa kompyuta, jambo ambalo Oliver halipokei kwa furaha. Rita Haywith, anayeigizwa na Crystal Lowe, anakumbuka kila kitu alichowahi kukiona, na Norman Dorman, anayeigizwa na Geoff Gustafson, ni mtafiti wa njia za zamani, mwenye haya nyingi na ndugu wengi. Hao wanne wanajiita POstables, na watazamaji wanaowapenda wamelichukua jina hilo likawa lao pia. Andika majina haya kama yalivyo, bila kuyabadilisha tahajia, ili msomaji akitaka kuitafuta tamthilia aipate.

Eleza pia uliitazama kwa lugha gani. Hapa Uganda watu wengi huzitazama filamu za nje zikiwa zimefasiriwa kwa Kiganda na yule mfasiri tunayemwita VJ, ambaye huzungumza juu ya sauti za waigizaji, huongeza vichekesho vyake na wakati mwingine huwapa wahusika majina ya mitaa ya Kampala. Ninaiheshimu kazi hiyo, kwa kuwa imewafikishia hadithi watu ambao Kiingereza kingewafungia mlango. Hata hivyo, tamthilia hii inategemea sana ukimya na maneno machache ya barua inayosomwa, na kicheko kilichowekwa juu ya ukimya huo hubadilisha kila kitu. Ukiwa uliitazama kwa sauti ya VJ, sema hivyo, na usimlaumu mwandishi wa mswada kwa maneno ambayo hakuyaandika.

Tazama ukiwa na daftari

Ninawashauri wote watazame kila sehemu mara mbili ikiwezekana, mara ya kwanza kwa raha zao na mara ya pili wakiwa na kalamu. Pale ambapo data au umeme hauruhusu, basi daftari liwe mkononi tangu mwanzo. Usiandike hadithi, kwa sababu hadithi utaikumbuka. Andika mambo madogo ambayo hayatakumbukwa kesho, kama vile mikono ilivyoishika bahasha, nani aliyenyamaza mwenzake alipoongea, muziki uliingia lini, na wewe mwenyewe ulifanya nini wakati huo.

Jumamosi moja nilikuwa nikitazama pamoja na shangazi yangu, ambaye umri wake unakaribia miaka 70, na daftari langu la jioni hiyo lina mstari mmoja tu wenye thamani. Nilikuwa nimeandika kwamba watu wa Denver wanazishika barua kwa heshima, na shangazi, bila kuondoa macho kwenye runinga, akasema, "Mwanangu, hawa wanaishika bahasha kama mkunga anavyomshika mtoto, wanaitegemeza chini." Nilitazama tena na nikaona kwamba amesema kweli. Mstari huo wa shangazi ulimweleza msomaji tabia ya tamthilia nzima kuliko ukurasa wangu wote wa sifa, na tangu siku hiyo ninawaambia wanafunzi wangu wawasikilize watu wanaotazama nao, kisha wawanukuu kwa idhini yao.

Tafuta chozi lilikotoka

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Chozi la mtazamaji lina chemchemi tatu, na mwandishi wa maoni asipozitenganisha atasifu kisichostahili au atalaumu kisicho na kosa. Chemchemi ya kwanza ni hadithi yenyewe, yaani jinsi mwandishi alivyopanga mambo hadi barua ikafika mahali ambapo haingeweza kufika mapema zaidi. Ya pili ni ufundi wa kuigiza na wa muziki, kwa maana mwigizaji hodari anaweza kukuliza kwa mstari ambao ukiusoma peke yake kwenye karatasi hauna uzito wowote, na zeze linaweza kufanya hivyohivyo. Ya tatu ni maisha yako wewe.

Hiyo ya tatu ndiyo inayotudanganya mara nyingi, nami imewahi kunidanganya. Shangazi yangu ana kopo la biskuti ambamo ameweka bahasha moja iliyotoka Mombasa katika miaka ya 1970, wakati ambapo stempu zetu zilikuwa bado zinabeba majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Ilitumwa na kaka yake kwa anwani ya shule ambayo shangazi alikuwa ameshaiacha, kwa kuwa alikuwa ameolewa na kuhama. Bahasha hiyo ina wino wa rangi tatu. Anwani ya kwanza iliandikwa kwa buluu na kukatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, ya pili ni ya kanisa na imeandikwa kwa nyekundu, na ya tatu, kwa penseli ya zambarau, ni ya duka la mfanyabiashara wa sokoni ambaye alijulikana kumfahamu mume wake. Ilimfikia baada ya karibu miaka mitatu. Mimi nimeishika bahasha hiyo tangu utotoni, na kila ninapoona barua ya zamani ikifunguliwa katika tamthilia, koo hunikauka kabla ya mtu yeyote kusema neno.

Je, hilo ni sifa ya tamthilia? Kwa sehemu ndiyo, kwa sababu ilijua kwamba kila familia ina kopo lake. Lakini mtazamaji kijana ambaye hajawahi kupokea barua ya karatasi, ambaye habari zote humfikia kwa simu, hawezi kulia kwa ajili ya kopo la shangazi yangu. Kwa hiyo ninapoandika, huanza kwa kukiri: nina sababu yangu ya kulia, nayo ni hii. Baada ya hapo huuliza kama eneo hilo lingesimama bila sababu hiyo, na huangalia kama yule kijana aliyeketi kando yangu naye aliinua macho kutoka kwenye simu. Aliyeinua macho ni shahidi mzuri kuliko machozi yangu.

Ukishaitambua chemchemi, itaje kwa jina lake. "Nilivutiwa na Norman na Rita kwa sababu wanapendana kama watu wa kwetu, hawalisemi jambo, wanalizunguka" ni sentensi inayomfaa msomaji, kwa kuwa atajua kama yeye ni mtu wa kufurahia mapenzi ya aina hiyo au atachoka.

Kosoa kwa kipimo kinachostahili

Tamthilia hii haikuahidi kuogopesha wala kufichua uovu wa wakubwa, na mtu anayeilaumu kwa kukosa hayo ni kama anayeingia mgahawani, akaagiza chai, kisha akalalamika kwamba haina pilipili. Iliahidi kuliwaza, na swali la haki ni kama inaliwaza kwa ukweli au kwa sukari. Hapo una nafasi pana ya kukosoa. Bahati inafanya kazi nyingi mno katika baadhi ya hadithi zake, kiasi kwamba mtu anayetafutwa hupatikana kwa urahisi ambao sisi tunaotafuta ndugu waliopotea hatuujui. Oliver hupenda kunukuu washairi na kuzungumza kama anayesoma hotuba, na wako watazamaji wanaompenda kwa sababu hiyo na wako wanaoondoka chumbani. Mambo mengi yanafungwa vizuri kupita kiasi mwishoni. Binafsi ninaiona kasoro hii ya mwisho kuwa kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa barua nyingi zilizochelewa huwakuta watu wameshafariki, na maumivu hayo yanastahili kuachwa yawe maumivu kwa muda mrefu zaidi kabla ya muziki kuyafunika.

Liko pia suala la imani. Oliver ni Mkristo asiyeificha imani yake, na hadithi nyingi zinajengwa juu ya wazo kwamba barua iliyochelewa ilicheleweshwa kwa makusudi mema ya Mwenyezi Mungu. Katika sebule yetu hukaa Waislamu na Wakristo pamoja, na wazo hilo halikumkwaza yeyote. Jirani yetu Mwislamu alisema tu kwamba hiyo ndiyo kadari, wameiita kwa jina lingine. Hata hivyo, mtazamaji aliyempoteza mzazi kwa sababu ya ujumbe uliochelewa anaweza kuumia akiambiwa kwamba kuchelewa huko kulikuwa na heri ndani yake. Liandike hilo wazi na kwa upole, ili mtu wa namna hiyo aingie akiwa anajua.

Jihadhari na maovu mawili ya lugha yanayoharibu ukosoaji. La kwanza ni kutia chumvi, kama yule aliyeniandikia kwamba hakuna tamthilia nyingine duniani iliyowahi kumliza, na nilipomkumbusha ile ya mwezi uliotangulia akafuta sentensi yake. La pili ni kilemba cha ukoka, yaani sifa zinazotolewa kwa sababu tamthilia ni ya maadili mema na mtu anaona vibaya kuisema. Maadili mema hayamzuii mwigizaji kuigiza ovyo.

Usichanganye posta ya tamthilia na posta ya kweli

Watazamaji wengi huamini kwamba watumishi wa posta wa Marekani husafiri kutoka mji hadi mji wakimtafuta mwenye barua. Ukweli ni kwamba barua na vifurushi visivyoweza kumfikia mpokeaji wala kurudishwa kwa mtumaji nchini humo hupelekwa katika kituo maalumu kilichoko Atlanta, Georgia, ambako watumishi walioidhinishwa huruhusiwa kuvifungua ili kutafuta anwani ndani yake. Ofisi ya Denver na wale wanne ni ubunifu. Kulijua hili hakupunguzi uzuri wa hadithi. Kunakusaidia kuona mwandishi alichoongeza, ambacho ni watu wenye muda wa kujali.

Mtazamaji wa Uganda ana jambo la kuongeza ambalo wa Denver hana, nami ningependa kuliona katika maoni mengi zaidi. Hadithi nzima imesimama juu ya anwani ya nyumba, yaani namba ya mlango, jina la mtaa na mtu wa posta anayefika kizingitini. Kwetu barua imezoea kwenda kwenye sanduku la posta, na kwa familia nyingi sanduku hilo lilikuwa la shule, la kanisa, la msikiti au la mwajiri, kwa hiyo barua ilipita katika mikono ya watu kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe. Mwalimu mkuu alimpa mwanafunzi, mwanafunzi akampa dereva, dereva akaiacha dukani. Tulikuwa na hao POstables wetu bila kuwaita hivyo. Ukiandika kwamba ulipokuwa ukitazama ulimkumbuka mtu mmoja wa aina hiyo, utakuwa umetoa maoni ambayo Mmarekani hawezi kuyatoa, na msomaji wa Busia, Arua au Mbale atajiona ndani yake. Ila usilirefushe hilo hadi likawa hotuba ya historia ya posta. Sentensi mbili au tatu zinatosha, kisha rudi kwenye tamthilia.

Chagua maneno yenye mpaka

Neno "imenigusa" limechoka, nami ninawakataza wanafunzi wangu kulitumia zaidi ya mara moja. Kiswahili kina maneno mengine yaliyo karibu nalo, na kila moja lina mpaka wake. Aliyefarijika alikuwa na huzuni kabla ya kutazama, na sasa imepungua. Aliyeliwazwa alitulizwa, kama mtoto anavyobembelezwa, bila huzuni yake kupata jibu. Aliyetoneshwa kidonda ameumizwa mahali palipokuwa pameanza kupona. Aliyesisimka ameguswa mwilini, nywele zikamsimama. Aliyepata simanzi amebaki na huzuni nzito ya kimyakimya baada ya runinga kuzimwa. Ukichagua moja kati ya haya kwa uangalifu, msomaji atajua ni jioni ya namna gani inayomngoja.

Kwa upande mwingine, usiogope lugha ya barua zetu wenyewe. Wazee walioandikiana "natumai u mzima wa afya kama mimi huku niliko" na "dhumuni la waraka huu ni kukujulisha" walijua jambo ambalo tamthilia hii inalizungumzia, kwamba barua ni nusu ya kuonana. Mwanafunzi mmoja aliniandikia maoni yake yote kwa umbo la barua kwa Rita, akianza na salamu na kumaliza kwa "wako mtiifu", na yalikuwa bora kuliko ya wote darasani kwa sababu umbo lilimlazimisha kumwambia mtu fulani jambo fulani.

Usimkatie mwenzako uhondo

Katika tamthilia ya barua, siri kubwa imo ndani ya bahasha. Unaweza kueleza bahasha ilivyo, ilichelewa kwa muda gani, nani anaitafuta na uso wa mpokeaji ulivyobadilika, lakini maneno ya barua yenyewe usiyataje, wala usiseme ni nani hatimaye aliyemwoa nani. Ikiwa huwezi kutoa hoja yako bila kufichua, iweke mwishoni na utangulize onyo katika sentensi inayojitegemea.

Hili nimelijifunza kwa shangazi. Ameniruhusu kuishika bahasha yake mara nyingi, kuzihesabu rangi za wino na hata kuinusa, lakini hajawahi kuniruhusu kuisoma barua iliyomo, na mimi bado ninaweza kukuambia kwamba barua hiyo ilibadilisha maisha yake, kwa kuwa nimemwona anavyoirudisha kwenye kopo.

Urefu wa maoni usizidi ukurasa mmoja na nusu. Tanguliza ulichokitazama na namna ulivyokitazama, kisha eneo moja tu, ulieleze kwa karibu, kisha sababu yake, kisha kasoro moja unayoiamini kwa dhati, na umalize kwa kusema inamfaa nani. Mfano wangu wa karibuni ulimalizika hivi: "Inawafaa wanaotazama pamoja na wazee, na wanaoweza kuvumilia hadithi inayotembea taratibu. Haimfai anayetaka kusahau barua aliyokuwa aiandike na hakuiandika."

Kabla ya kuyatoa maoni yako, msomee kwa sauti mtu ambaye hajaitazama tamthilia, na umtazame usoni unaposoma. Akianza kuzungumzia mambo mengine, rudi kwenye daftari utafute eneo jingine. Mimi nilimsomea jirani yangu anayeuza nguo mpakani, akiwa anakunja bidhaa zake jioni, naye alisimamisha mikono katikati ya kitenge na kuuliza, "Sasa Mwalimu, ndani ya hiyo barua mlikuwa na nini?" Nilimwandikia jina la tamthilia kwenye kipande cha karatasi, nikakisogeza juu ya meza yake.